Nyuki, Daftari na Ahadi ya Kampuni ya Karatasi

Hadithi, hadithi!

Nasubiri mwitikie. Haya: hadithi njoo. Mmezoea kuongeza "uongo njoo, utamu kolea", nami leo uongo nauita kidogo tu. Nyuki na daftari watakaozungumza humu nimewatunga mwenyewe. Lakini wanayoyasema kuhusu miti, viwanda na ahadi ni ya kweli, na mnaweza kuyapeleka shuleni mkamwuliza mwalimu.

Basi, ilikuwa mwezi wa Oktoba huko Nyabibuye, kwenye miinuko ya Buha, karibu na mpaka wa Burundi. Mnajua msitu wetu unavyofanya mwezi huo? Miyombo haingoji mvua. Ardhi ikiwa bado kavu, vumbi likiwa bado linatimka njiani, miti hutoa majani mapya. Na majani yenyewe hutoka mekundu! Ukisimama mlimani unaona pori zima limewaka: nyekundu hapa, rangi ya shaba pale. Siku zinapita, rangi inageuka, mwisho kila kitu ni kijani.

Siku kama hiyo nyuki mmoja alitoka kwenye mzinga wa gogo uliotundikwa juu ya mti uitwao mtundu. Akaona kitu kwenye benchi. Cheupe pe. Kipana. Akasema, "Ua gani hili, kubwa hivi?" Akashuka, akatua, akanyoosha ulimi. Hakuna kitu. Akasogea kidogo, akanyoosha ulimi tena. Hakuna kitu.

"Unanitekenya," sauti ikasema. "Mimi si ua. Mimi ni daftari. Mwenyewe ni msichana wa darasa la nne. Amekwenda kisimani, ameniacha hapa."

"Daftari ni mdudu gani?"

"Si mdudu. Ni mti."

Nyuki akaruka kwa mshangao. Mti! Mti usio na ua, usio na gome, usio hata na tawi moja?

Najua nawe unauliza hivyohivyo. Mjomba, mti unakuwaje daftari? Uliza, mwanangu, uliza. Kuuliza si ujinga, na swali hili watu wazima wengi hawajawahi kujiuliza. Nitakujibu, lakini kwanza fanya hivi. Tafuta kipande cha karatasi kisicho na kazi (usichane daftari la hesabu, tafadhali). Kichane polepole kwa vidole, usitumie mkasi. Sasa nyanyua ule ukingo uliochanika, uuelekeze kwenye mwanga wa dirisha. Unaona vinywele? Vyeupe, vyembamba kuliko uzi wa kushonea, vimetokeza huku na huku. Hivyo ndivyo mti. Kila mti una mamilioni ya vinywele hivyo, vimelala pamoja, vimeshikwa na gundi ya mti wenyewe. Vya msindano vina urefu wa kama milimita 3. Vya miti mingi yenye majani mapana ni vifupi, kama milimita 1 tu.

Kazi ya kiwanda ni kuiondoa ile gundi. Gogo linamenywa gome. Linakatwakatwa vipande vidogo vya kuenea kiganjani. Kisha vipande vinapikwa. Ndiyo, vinapikwa, ndani ya mtambo mrefu uliofungwa imara, pamoja na dawa kali, kwa joto la sentigredi 170 hivi. Baada ya saa kadhaa gundi imeyeyuka, imekuwa maji meusi. Maji hayo hayamwagwi. Yanachomwa, yatoe moto wa kuendesha kiwanda chenyewe. Vinabaki vinywele vitupu. Vinaoshwa, na kama karatasi inatakiwa iwe nyeupe, vinatiwa dawa ya kung'arisha. Halafu uji wake unamwagwa juu ya wavu unaokimbia. Uji mwepesi mno! Katika kilo 100 za uji huo, 99 hivi ni maji. Maji yanachuruzika, vinywele vinabaki vimelaliana, vinakandamizwa, vinapita kwenye mapipa ya moto, vinakauka.

"Kumbe wewe ni mti uliopikwa," nyuki akasema.

"Nilipikwa nikaiva," daftari likajibu, na lilijivuna kidogo.

"Mti gani?"

Hapo daftari likanyamaza. Maana hilo ndilo swali lenyewe, wanangu. Mti gani? Umetoka wapi?

Hapa Tanzania tuna mahali ambapo jibu lake ni rahisi. Wilayani Mufindi, mkoani Iringa, kuna Shamba la Miti Sao Hill. Ni kubwa kuliko mashamba yote ya miti ya serikali, na linasimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Misindano imepandwa humo kwa mistari, na mikaratusi pia. Ikifika umri inakatwa, na palepale inapandwa mingine. Wilayani humohumo, sehemu iitwayo Mgololo, kuna kiwanda cha karatasi. Wazee wanakikumbuka kwa jina la Southern Paper Mills, siku hizi kinaitwa Mufindi Paper Mills. Hutengeneza ile karatasi ngumu ya kahawia ambayo mnaiona kwenye mifuko ya saruji. Mnakumbuka mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilivyopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019? Tangu hapo karatasi ya kahawia imepata kazi mpya dukani.

Kiwanda cha namna hiyo kinakula miti iliyopandwa ili ije iliwe. Hakina sababu ya kuugusa msitu ambao hakuna aliyeupanda.

Sasa kuna mtoto amenyanyua mkono. Namwona. Anauliza: Mjomba, mti si mti? Ukikata mtundu ukapanda msindano, si umerudisha?

Ewe mtoto, ubarikiwe kwa swali hilo. Kampuni kubwa kubwa zimejibishana juu yake kwa miaka. Mimi nitamwachia nyuki alijibu, kwa sababu yeye ndiye mwenye nyumba.

"Sikiliza," nyuki akasema. "Msindano hauna maua ya asali. Chavua yake inabebwa na upepo, kwa hiyo mti ule hauna haja na mimi, wala mimi sina haja nao. Msitu wangu si hivyo. Miyombo inachanua, ikimaliza inachanua miti mingine, na baada yake majani ya chini. Ndiyo maana Kibondo, Kakonko na Kasulu mna asali. Mvua zikianza, mama zenu wanaokota uyoga chini ya miti. Ule uyoga umeshikana na mizizi ya miyombo humo ardhini, unalishwa na mti nao unaulisha mti. Ukiiondoa miyombo, uyoga nao unaondoka. Mkusu unawapa watoto makusu. Ndege ana tundu lake kwenye mninga mkavu. Nani aliyapanda yote hayo? Hakuna. Shamba la miti mtu analipanda akiwa kijana na analivuna kabla hajazeeka. Msitu haujawahi kupandwa na mtu."

"Kwa hiyo unalichukia shamba la miti?" daftari likauliza, kwa woga.

"Hapana. Likae mahali pake. Likipandwa kwenye ardhi iliyokwisha kuwa wazi, nalishukuru, maana watu watapata mbao na karatasi bila kunivunjia nyumba. Likija kukaa mahali pa msitu ulioangushwa, mimi nahama."

Daftari likafunua ukurasa wake wa katikati, kama watu wanavyovuta kiti. "Basi kaa," likasema, "nikusimulie habari za Sumatra."

Sumatra ni kisiwa cha Indonesia, ng'ambo ya Bahari ya Hindi, upande wa mawio. Msidhani ni kisiwa kidogo. Ukubwa wake ni kama nusu ya Tanzania nzima. Kina misitu ya mvua yenye tembo, yenye chui milia waliobaki mia chache tu, na yenye orangutani, nyani mkubwa mwenye manyoya mekundu. Orangutani ni jamaa wa sokwe mtu wetu wa Gombe na Mahale.

Mahali pengi msitu huo umesimama juu ya udongo wa ajabu. Kwa maelfu ya miaka majani na magogo yameanguka kwenye maji, na kwa kuwa yamelala majini hayakuoza vizuri. Yamelundikana. Mahali pengine yamefika mita 10 kwenda chini na zaidi. Udongo huo wa mboji ukiwa na maji ni salama. Ukichimbiwa mifereji, maji yakatoka, unakauka na kuwa kuni. Kuni chini ya miguu yako! Ukishika moto unaungua ndani kwa ndani, wiki baada ya wiki, na kuuzima ni kazi ngumu mno.

Kisiwani humo ipo kampuni iitwayo Asia Pulp & Paper. Watu huiita APP. Ni ya kundi la kampuni liitwalo Sinar Mas, na ni miongoni mwa kampuni kubwa kabisa za karatasi duniani. Viwanda vyake ni vikubwa na njaa yake ni kubwa. Kwa miaka mingi vilikuwa vinakula msitu wa asili. Msitu ukiangushwa, ardhi inapandwa miakesia, mti unaokua upesi mno: miaka 5 au 6 tu, umekuwa tayari kukatwa. Wanavijiji wa huko nao walilalamika kwamba ardhi ya wazee wao imemezwa na mashamba hayo.

Mjomba, hakuna aliyewaambia waache?

Waliambiwa. Nao walisema wataacha. Na hapa inabidi niwaeleze habari ya chungu cha maharage, mnielewe vizuri.

Mama mmoja alikuwa akipika maharage jioni na kuyaweka kwenye chungu kwa ajili ya kesho. Mtoto wake alikuwa anachota kwa siri. Mama akamwambia aache. Mtoto akasema, "Nitaacha Jumatatu." Jumatatu ikafika, akachota. Akasema, "Nitaacha Ijumaa." Ijumaa ikafika, akachota. Ndivyo ilivyokuwa Sumatra. Kampuni ilisema ifikapo mwaka 2004 itakuwa imeacha kutegemea miti ya msitu wa asili. Mwaka 2004 ukafika, ikasogeza mpaka 2007. Ukafika 2007, ikasogeza mpaka 2009. Mwaka 2009 nao ukapita, na misumeno bado inalia msituni.

Ahadi ni deni, wahenga walisema. Lakini deni lisiloandikwa popote nani atalidai?

Yule mama akafanya jambo la busara. Alichukua kipande cha chaki cha mtoto yuleyule, akachora mstari ndani ya chungu, pale maharage yalipofikia. Akawaita majirani wauone. Akamwambia mtoto, "Kesho sitakuuliza kama umechota. Nitatazama mstari."

Tarehe 5 Februari 2013 kampuni ile ilitangaza ahadi mpya, na safari hii palikuwa na mstari. Ilisema kwamba tangu tarehe 1 Februari mwaka huohuo, yeyote anayeiuzia miti nchini Indonesia ameacha kufyeka msitu wa asili. Mashine zote zisimame, hata kama kuna kibali cha serikali, mpaka wataalamu wapite kila kipande cha ardhi na kuchora ramani: huu ni msitu mzima, huu ni msitu mchanga unaokua tena, hiki ni kichaka, hapa ni wazi. Penye msitu pasiguswe. Udongo ule wa mboji utunzwe. Wanavijiji waulizwe kabla shamba jipya halijaanzishwa kwenye ardhi yao, na wakikataa wasikilizwe. Muuzaji atakayekaidi aachwe. Na taasisi iitwayo The Forest Trust ikawekwa kuwa jirani wa kutazama chungu.

Uliza, mwanangu, uliza. Kwa nini mwaka 2013? Kwa nini kampuni haikusogeza tarehe tena kama zamani?

Jibu lake wengi wenu mtalipenda, kwa sababu ndani yake mna mwanasesere. Kuna mwanasesere maarufu wa Marekani anaitwa Barbie, hutengenezwa na kampuni iitwayo Mattel. Mwaka 2011 watu wa Greenpeace, shirika linalotetea mazingira, walichukua maboksi ya wanasesere wakayapeleka maabara. Wataalamu wakayachambua, wakatazama vile vinywele kwa hadubini. Mnakumbuka vinywele mlivyoviona dirishani? Chini ya hadubini kila aina ya mti ina umbo lake. Karatasi ya shamba la miti ya aina moja huonyesha vinywele vya aina moja. Karatasi ya msitu wa asili huonyesha mchanganyiko, maana katika msitu miti ya aina nyingi inakaa pamoja. Na katika maboksi yale mchanganyiko ulionekana. Msitu ulikuwa umepikwa, umekaushwa, umechorwa rangi ya waridi, lakini vinywele bado vilikuwa vinasema kwao ni wapi.

 Watu wengi wakaiandikia Mattel. Mwezi Oktoba mwaka huohuo Mattel ikatangaza kwamba itaepuka karatasi inayotokana na ufyekaji wa misitu. Kampuni nyingine nazo zilikuwa zinaacha kununua, moja baada ya nyingine. Mwaka 2012 Greenpeace wakatoa ushahidi mwingine kutoka kiwanda cha APP kiitwacho Indah Kiat, huko Perawang, Sumatra. Walisema humo wamekuta magogo ya ramini, mti unaolindwa na sheria za Indonesia. Kampuni iliyozoea kuuza dunia nzima ikaona wateja wanapungua. Hapo ndipo mstari wa chaki ulipochorwa.

Nyuki akauliza, "Je, mstari ulikaa?"

Daftari lilitaka kusema ndiyo. Daftari ni karatasi, na karatasi inapenda kusikia habari njema za karatasi. Lakini kurasa zake ni za mtoto wa shule, na mtoto hadanganywi.

Mwaka 2015 shirika la Rainforest Alliance lilitoa ripoti ya ukaguzi wake. Likasema kazi kubwa imefanyika: wauzaji wa miti wa kampuni kwa sehemu kubwa wameacha kufyeka msitu wa asili. Lakini likasema pia kwamba msitu ndani ya maeneo hayo bado unapungua, kwa sababu watu wengine wanaingia na kukata, na kampuni haijaweza kuwazuia. Mwaka huohuo ulikuja moto mkubwa Indonesia. Zaidi ya hekta milioni 2 ziliungua, na sehemu kubwa ya moshi ilitoka kwenye ule udongo wa mboji uliokaushwa kwa miaka. Moshi ukavuka bahari. Singapore walifunga shule siku moja kwa sababu ya hewa, na maduka makubwa ya huko yakaondoa bidhaa za APP kwenye rafu.

Halafu mwaka 2018. Greenpeace, waliokuwa wamekaa na kampuni mezani tangu 2013, waliinuka wakaondoka. Walisema wametazama ramani zilizochorwa kwa picha za angani, na wameona karibu hekta 8,000 za msitu na udongo wa mboji zimefyekwa tangu ahadi itolewe, katika maeneo mawili yenye uhusiano na APP na Sinar Mas. Kampuni ilisema bado inaishika ahadi yake.

Kwa hiyo, Mjomba, ahadi ilikuwa ya uongo?

Mimi sisemi hivyo, wanangu, na nitawaambia kwa nini. Miaka ya nyuma msitu ulikatwa na hakukuwa na kitu cha kunyooshea kidole. Kampuni ilisema baadaye, watu wakangoja baadaye. Baada ya 2013 ilikuwapo tarehe, ilikuwapo ramani, yalikuwapo maneno yaliyoandikwa. Zile hekta 8,000 zilipoonekana, dunia nzima ingeweza kusema: tazama, maharage yako chini ya mstari. Ahadi hiyo ilizuia misumeno mingi, na pale iliposhindwa, kushindwa kwenyewe kulionekana. Nampenda yule mama zaidi ya mtoto katika hadithi yetu. Mtoto anaweza kubadilika leo na kesho akasahau. Mstari haubadiliki, na majirani wana macho.

Nyuki akatazama juu, kwenye mtundu wake. "Huku kwetu hakuna kiwanda cha karatasi," akasema.

Kweli, hakuna. Miyombo ya Kigoma haiangushwi kwa ajili ya madaftari. Mnajua inaangushwa kwa nini, mnaona wenyewe njiani. Shamba jipya la mahindi. Kuni za kupikia. Gunia la mkaa. Tanuri la matofali ya kuchoma. Bani la kukaushia tumbaku, ambalo linataka kuni usiku na mchana mpaka majani yakauke. Wala sitaki mtu yeyote amnyooshee kidole mama anayetafuta kuni, au mgeni aliyekimbia vita akaja kupokelewa kambini Nduta au Nyarugusu na ana watoto wa kulisha. Kila mmoja anachota kidogo. Kampuni ya Sumatra ilikuwa moja, ina ofisi, ina jina, watu waliweza kuiandikia barua. Huku kwetu wachotaji ni sisi sote, na ndiyo maana nasema kazi yetu ni ngumu kuliko ya wale waliolitazama boksi la Barbie.

Lakini haijashindikana. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakiruhusu kijiji kutenga msitu wake chenyewe. Mkutano mkuu wa kijiji unakaa, unakubaliana, unatunga sheria ndogo. Mpaka unapimwa na kuwekwa alama ambazo mtu yeyote anaweza kuziona. Kamati inachaguliwa. Msitu unakuwa hifadhi ya kijiji, kwa matumizi ambayo kijiji kimeyaandika chenyewe: mizinga ruksa, uyoga ruksa, kuni kavu ruksa, kukata mti mbichi mpaka upewe kibali.

Na macho yapo. Mkoani kwetu Kigoma, kwenye vijiji vya kuzunguka Gombe, Taasisi ya Jane Goodall ilianza mwaka 1994 mradi uitwao TACARE, wa kutunza mazingira pamoja na wanavijiji. Baadaye vijiji vikachagua walinzi wa misitu. Walinzi hao wanatembea msituni na simu mkononi. Wakiona kisiki kibichi, wanakiandika. Wakiona tanuri la mkaa, wanaliandika. Wakiona mtego, au kiota cha sokwe mtu, wanaandika, na simu inashika mahali penyewe palipo. Kisha taarifa zao zinalinganishwa na picha za setilaiti. Ni aina ileile ya picha za angani iliyotumika kuzitazama zile hekta za Sumatra. Tofauti ni kwamba anayetazama ni mtu wa hapohapo, anayejua kisiki kile ni cha jana au cha mwaka jana.

"Mimi pia natazama," nyuki akasema. "Kila siku natoka mzingani, nazunguka, narudi. Mti ukiangushwa mimi ndiye wa kwanza kujua."

"Lakini huwezi kuandika," daftari likasema.

"Siwezi. Wewe unaweza."

Daftari likafikiri. Kurasa zake nyingi bado zilikuwa tupu.

Mtoto mmoja ananivuta shati. Mjomba, na watoto wanaruhusiwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji? Huo, mwanangu, ni wa watu wazima, waliotimiza miaka 18. Hutapiga kura leo. Lakini hakuna sheria inayomkataza mtoto kuuliza nyumbani kwa adabu, wakati wa kula, baba na mama wakiwa wametulia: kijiji chetu kimetenga msitu? Mpaka wake unapita wapi? Mara ya mwisho kamati iliuzunguka lini, na ni nani waliokwenda? Na kesho shuleni, muombe mwalimu akuonyeshe boksi la karatasi za mtihani. Tazama ubavuni. Huwa pameandikwa nchi ilikotoka. Tazama pia kama kuna alama ndogo ya mti yenye herufi FSC. Ikiwapo, maana yake kuna watu wa nje waliokwenda kukagua miti ya karatasi hiyo ilikotoka. Kampuni ya Sumatra ilikatazwa na shirika la FSC kujihusisha na jina hilo tangu mwaka 2007, kwa sababu ya misitu.

Andika ulichokiona kwenye daftari lako: jina la nchi, alama kama ipo, na tarehe ya siku hiyo. Kama baba hakujua majibu ya yale maswali ya mpaka, usimcheke. Mwambie mwende pamoja kwa mtendaji wa kijiji, asubuhi, kabla hajatoka kwenda kwenye shughuli zake. Yeye ndiye anayetunza kitabu cha kumbukumbu za mikutano, na kama msitu ulitengwa, tarehe imeandikwa humo.